Zawadi kubwa za uganga: nani anayehesabiwa?

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa kumi, radio zinatangaza kutoka Stockholm majina ya wenye elimu waliopewa zawadi ya Nobel ya uganga. Waseminari wetu wanasikia, kisha wanauliza: Kwa nini huyu, na si yule? Tena, sisi watu wa Kongo tuna neno gani katika mambo hayo? Swali la pili si la majivuno tu. Katika Beni na Butembo, tangu 2018 mpaka 2020, watu wengi walikataa kutunzwa kwa ajili ya Ebola, kwa sababu waliona ugonjwa wenyewe kuwa biashara ya wageni. Waliotumwa kuwasaidia wagonjwa walitupiwa mawe, na wengine waliuawa. Padri ao katekista aliyeulizwa siku zile: «Dawa hii imetoka wapi?» alihitaji jibu la kweli.

Jibu liko. Lakini njia ya kulifikia ni ndefu kidogo: inaanza Berlin, inapita Accra na Yambuku, inafika Kikwit. Kando ya njia hiyo zawadi za uganga zimesimama kama vibao vyenye majina. Tutafasiria namna vibao hivyo vinavyoandikwa, na watu gani hawaonekani juu yake.

Kwanza, maneno machache juu ya Nobel mwenyewe. Alfred Nobel alikuwa mutu wa Uswidi aliyetajirika kwa kutengeneza dinamiti. Tarehe 27 ya mwezi wa 11, mwaka wa 1895, alitia mukono katika Paris kwenye hati ya urizi wake, na mwaka uliofuata akafa. Hati iliagiza mali yake iwekwe, na faida yake igawanywe kila mwaka kwa wale waliowaletea watu faida kubwa kupita wengine «katika mwaka uliotangulia». Zawadi za kwanza zilitolewa 1901. Ile ya uganga inachaguliwa na walimu 50 wa chuo cha Karolinska huko Stockholm, na maandiko ya mashauri yao yanafungwa kwa muda wa miaka 50. Masharti yake ni mawili yanayotupasa kuyakumbuka: haiwezi kugawanywa kwa watu kupita watatu, na haipewi marehemu. Kuna nyingine kubwa, kama Lasker ya Amerika iliyoanza 1946, na Gairdner ya Kanada iliyoanza 1959; tutaziacha, kwa maana nia yao ni karibu sawa.

Sharti lile la «mwaka uliotangulia» waamuzi walilegeza upesi, na walifanya vizuri. Jambo la uganga halionekani kuwa la kweli ndani ya mwaka mumoja. Zawadi ya mwaka wa 1926 ilipewa Johannes Fibiger wa Denmark, aliyesema kwamba ameona minyoo inayoleta kansa katika tumbo la panya. Nyuma ya kifo chake wengine walitambua kwamba minyoo haikuwa na kosa hilo. Panya wale walikosa vitamini A katika chakula chao. Jina la Fibiger liko mpaka leo katika orodha ya Stockholm, kwa sababu zawadi hairudishwi. Basi, tusiseme kamwe mbele ya wanafunzi wetu: «Neno hili ni kweli, maana lilipata Nobel.» Zawadi haitoi ushuhuda, inafuata ushuhuda uliokwisha kutolewa, na pengine inaufuata vibaya.

Tuje sasa kwa zawadi ya kwanza kabisa, kwa maana mbegu ya mambo yote yanayofuata imelala ndani yake. Mwaka wa 1901 ilipewa Emil von Behring, munganga wa Ujerumani. Wakati ule ugonjwa wa difteria ulikuwa unaziba koo za watoto wa Ulaya na kuwanyonga. Behring alitambua kwamba munyama aliyepewa sumu ya ugonjwa kidogo kidogo, bila kufa, anapata ndani ya damu yake kitu kinachoishinda sumu hiyo. Tena, damu yake ikiisha kuganda, ukichukua yale maji yanayobaki na kuyaingiza katika mwili wa mwingine aliye mugonjwa, yanamupigania huyu wa pili vilevile. Maji hayo yanaitwa serumu. Damu ya aliyeshinda inaweza kumusaidia yule anayepigana bado. Musomaji, ushike neno hili. Tutalikuta tena Kikwit.

Lakini hati ya mwaka wa 1890 iliyotangaza jambo hilo ilikuwa na majina mawili: la Behring, na la Mujapani Kitasato Shibasaburo, aliyefanya kazi pamoja naye katika Berlin, hasa juu ya pepopunda. Zawadi ilipewa mumoja tu. Sisemi kwamba Behring aliiba. Kazi yake juu ya difteria ilikuwa kubwa. Hata hivi, mwenye kusoma kibao cha 1901 hawezi kujua kwamba Mujapani yule alikuwapo.

Kitasato alirudi kwao, akaongoza nyumba ya uchunguzi wa magonjwa katika Tokyo, na mwaka wa 1898 kijana mumoja akaingia kazi humo. Jina lake Noguchi Hideyo. Alizaliwa 1876 katika nyumba ya walimaji maskini. Alipokuwa mutoto mudogo alianguka katika mafiga ya moto, mukono wake wa kushoto ukaungua, vidole vikashikamana. Walimu na wanafunzi wenzake walichanga feza kusudi mukono ule upasuliwe, na kwa sababu ya kupona kidogo kule alitamani kuwa munganga. Mwaka wa 1900 alivuka bahari kwenda Amerika, akapata kazi katika nyumba ya Rockefeller, New York. Huko, mwaka wa 1913, alionyesha vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa waliopooza na kupotewa na akili. Kazi hiyo ilikuwa ya kweli, na watu walimutaja mara nyingi kwa zawadi ya Nobel. Hakuipata.

Kisha likaja jambo la homa ya manjano. Mwaka wa 1918 alitumwa Guayaquil, katika inchi ya Ekwado. Kwa upesi alisema kwamba ameona kijidudu chembamba kilichojizungusha kama uzi, na kwamba ndicho kinacholeta homa ile. Akatengeneza chanjo. Wengi walimuamini, kwa maana jina lake lilikuwa kubwa. Kumbe, kati ya wagonjwa aliowapima walikuwamo wenye ugonjwa mwingine unaofanana na homa ya manjano, ule unaotoka katika mikojo ya panya. Mwaka wa 1926 Max Theiler, kijana wa Afrika ya Kusini aliyefanya kazi kule Harvard pamoja na Andrew Sellards, alionyesha wazi kwamba kijidudu cha Noguchi ni kile kile cha ugonjwa wa panya.

Mwaka wa 1927 habari ikageukia Afrika. Katika inchi inayoitwa leo Ghana, kundi la Adrian Stokes lilichukua damu ya mugonjwa mumoja, jina lake Asibi, kijana wa miaka 28, wakaipiga kwa sindano katika mwili wa kima aliyeletwa kutoka Asia. Kima akashikwa na homa ya manjano. Na kitu kilichokuwa katika damu ile kilipita katika vichujio vinavyozuia vijidudu vikubwa. Ndiyo kusema, kilikuwa virusi, si uzi ule wa Noguchi. Asibi alipona. Stokes aliambukizwa kazini, akafa mwezi wa tisa wa mwaka ule. Miezi miwili nyuma yake, Noguchi mwenyewe akafika Accra kutafuta ukweli kwa macho yake. Alifanya kazi usiku na mchana, akashikwa na homa, akafa tarehe 21 ya mwezi wa 5, mwaka wa 1928. Munganga William Young, mukubwa wa laboratwari ile, akamufuata siku chache tu nyuma.

Theiler aliendelea. Alichukua virusi vilivyotoka kwa Asibi, akavipitisha mara nyingi sana katika vipande vya mwili wa panya na wa kuku, mpaka vikapoteza ukali bila kupoteza nguvu ya kufundisha damu kujilinda. Mwaka wa 1937 chanjo ikawa tayari. Mwaka wa 1951 Theiler akapewa Nobel, peke yake. Ilistahili. Chanjo ya homa ya manjano tunayopigwa leo, ile inayoandikwa katika karatasi ya manjano ya wasafiri, ni uzao wa virusi vile vya damu ya Asibi. Mwezi wa 8 wa mwaka 2016, homa ilipoingia kutoka Angola na chanjo ikawa chache, watu zaidi ya milioni saba wa Kinshasa walipewa sehemu moja ya tano ya kipimo cha kawaida, nayo iliwalinda. Milioni saba wanadaiwa shukrani kwa mugonjwa mumoja wa kijijini ambaye jina lake halikuandikwa kwenye medali yoyote. Ni kweli kwamba Asibi hakuvumbua kitu. Alitoa damu tu, naye alikuwa amelala na homa. Sijui kama alifasiriwa inakwenda wapi.

Sasa, ndugu zangu, mwaka wa 2006 serkali ya Japani ilianzisha zawadi kwa ajili ya wanaopigana na magonjwa ya Afrika, ikaipa jina la Noguchi Hideyo. Wengine watashangaa: Zawadi ya uganga yenye jina la mutu aliyekosea? Mimi naona jina hilo lilichaguliwa vizuri. Waliomwita shujaa walimkumbuka yule aliyeondoka New York, pahali pa usalama na pa heshima, kwenda kupima neno lake mwenyewe pale ugonjwa ulipo. Zawadi hiyo ina sehemu mbili, moja ya uchunguzi na moja ya kuwatunza watu, na kila sehemu ni yen milioni 100. Inatolewa kwa kufuata mikutano mikubwa ya Japani na Afrika. Mwaka wa 2008, mara ya kwanza, ilipewa Brian Greenwood wa Uingereza kwa kazi yake juu ya malaria, na Mama Miriam Were wa Kenya, kwa kazi yake ya kupeleka uganga mpaka vijijini. Ile sehemu ya pili inanipendeza: Stockholm haina kibao kwa mutu anayefundisha wanavijiji kunawa mikono.

Mwaka wa 2013 ilipewa Peter Piot wa Ubelgiji, pamoja na Alex Coutinho wa Uganda. Mwaka wa 2019, katika Yokohama, ilipewa Francis Omaswa wa Uganda, pamoja na mwenzetu Jean-Jacques Muyembe-Tamfum. Kusudi tuelewe umbali uliopo kati ya 2013 na 2019, inatupasa kurudi Yambuku.

Yambuku ni misheni ya katoliki katika upande wa Bumba, kaskazini mwa Kongo. Mwaka wa 1976 hospitali yake ilikuwa na vitanda 120, na masista wa Ubelgiji pamoja na wauguzi Wakongomani waliiendesha bila munganga mwenye diploma ya chuo kikuu. Mwishoni mwa mwezi wa 8 mwalimu mumoja wa shule ya misheni alikuja na homa. Walifikiri ni malaria, wakamupiga sindano ya klorokini. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano kwa ajili ya wagonjwa wote wa nje. Kati ya mugonjwa na mugonjwa zilioshwa kwa maji tu. Hapo ndipo mauti ilipopata njia. Watu 318 walishikwa, 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali 11 walikufa, masista na wauguzi pamoja. Tusiwahukumu kwa wepesi: sindano tano ndizo walizokuwa nazo, na hawakukimbia.

Muyembe alikuwa na miaka 34. Mwana wa walimaji wa Bandundu, alisoma kwa Wayezuiti, akajifunza uganga Kinshasa, kisha virusi katika Louvain. Alitumwa Yambuku kuangalia. Alichukua damu ya wagonjwa bila gandi, kwa maana hazikuwako. Alipochomoa sindano, aliona damu haikomi kutiririka, ikamulowesha vidole. Akanawa kwa maji na sabuni. Alirudi Kinshasa kwa ndege pamoja na sista mumoja mwenye homa, kusudi apimwe vizuri. Sista akafa Kinshasa. Damu yake ilitiwa katika chupa ya termosi na kupelekwa Antwerp, na huko Piot, kijana wa miaka 27, alikuwa mumoja wa wale walioifungua. Kutoka Antwerp vipimo vilikwenda Uingereza na Amerika, wakahakikisha kwamba virusi hivi havijaonekana bado duniani. Waliviita Ebola, jina la muto wa mbali kidogo, kusudi jina la Yambuku lisibebe haya hiyo milele.

Kwa miaka mingi vitabu na magazeti ya Ulaya vilitaja walioifungua termosi. Aliyeivuta damu na kuileta hakutajwa, ao alitajwa katika mustari wa chini. Piot hakusema uongo: yeye na wenzake waliona kweli walichokiona, tena zawadi yake ya 2013 ilihesabu pia kazi ndefu juu ya Ukimwi. Shida ilikuwa nyingine. Katika Kinshasa ya 1976 hapakuwa na mashini ya kuonyesha virusi. Mwenye mashini ndiye anayeandika hati, na mwenye kuandika hati ndiye anayeonwa na waamuzi wa zawadi. Ndiyo maana Muyembe, alipowekwa kuongoza INRB, nyumba ya taifa ya uchunguzi wa uganga katika Kinshasa, alipigania kwamba damu za wagonjwa wa Kongo zipimwe katika Kongo.

Lakini tusifikiri kwamba zawadi ya 2019 ilikuwa malipo ya deni la Yambuku tu. Mwaka wa 1995 Ebola iliingia Kikwit. Watu 315 walishikwa, karibu 250 wakafa. Kati yao masista sita wa Bergamo, na wauguzi wengi wa inchi hii. Muyembe na waganga wa Kikwit wakakumbuka lile neno la zamani la serumu. Walichukua damu ya watu waliopona, wakawapa wagonjwa wanane. Saba wakapona.

Saba kati ya wanane, wakati ugonjwa ulipokuwa ukiua wanne kati ya watano! Hata hivi wenye elimu wa inchi nyingine hawakukubali, na walikuwa na sababu: wagonjwa wanane ni wachache, walipewa damu wakati tauni ilipokuwa inapungua na utunzaji ulikuwa umekwisha kuwa bora, tena hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha. Tunaweza kuona uchungu katika jibu hilo, lakini ndilo jibu ambalo Noguchi alipaswa kupewa mapema zaidi kule Guayaquil.

Basi mambo yakachukua muda. Mwaka wa 2006, miaka 11 nyuma ya tauni, mumoja wa waliopona Kikwit alikubali kutoa damu tena. Katika damu hiyo wachunguzi wa Amerika na wa Uswisi, pamoja na wale wa INRB, walitafuta chembe za kinga, wakapata moja inayoshika virusi vya Ebola na kuvizuia visiingie mwilini zaidi. Wakaipa namba: mAb114. Iliwezekana kuitengeneza katika laboratwari, bila kuhitaji damu ya mutu tena.

Ndipo kilipofika kipimo chenyewe, katika Kivu ya Kaskazini. Tangu mwezi wa 11, mwaka wa 2018, wagonjwa 681 wa Beni, Katwa, Butembo na Mangina waligawanywa kwa kura katika makundi manne, kila kundi na dawa yake. Kura ndiyo iliyokosekana Kikwit: inazuia munganga asiwape dawa anayoipenda wale walio na nguvu. Mwezi wa 8, mwaka wa 2019, kipimo kilisimamishwa mbele ya wakati, kwa maana dawa mbili zilikuwa zimezishinda nyingine waziwazi. Katika kundi la mAb114 walikufa 35 kwa mia. Katika kundi la pili, lililopewa dawa inayofanana nayo, karibu vilevile. Katika makundi yale mengine mawili walikufa karibu nusu. Na kwa waliokuja mapema, virusi vikiwa bado vichache katika damu, waliokufa walikuwa wachache zaidi sana. Wiki chache nyuma yake Muyembe alipokea zawadi katika Yokohama.

Hapa ndipo katekista anapata jibu lake. Haitoshi kusema «Wazungu wameleta dawa», wala kusema «Dawa ni yetu», kwa sababu maneno yote mawili ni nusu. Wazo la serumu lilitoka Berlin; laboratwari na feza vilitoka mbali; kura ilipigwa Beni na Butembo juu ya miili ya wagonjwa wetu; na damu yenyewe ilikuwa ya mutu wa Kikwit. Tauni ile ya Kivu ilipotangazwa kwisha, mwezi wa 6, mwaka wa 2020, watu 3,470 walikuwa wameshikwa na 2,287 wamekufa. Wengi wao walifika katika vituo wamechelewa, siku ambayo dawa haina tena nguvu ya kutosha, na wengine hawakufika kabisa. Padri aliyekwenda kuwasihi wakristu wake waende siku ya kwanza ya homa, wala si ya sita, alifanya kazi ambayo hakuna waamuzi watakaoihesabu.

Dawa ya Kikwit ilipata ruhusa ya serkali ya Amerika mwezi wa 12, mwaka wa 2020. Mwaka wa 2025, Ebola ilipoonekana Bulape katika Kasai, ilipelekwa huko, na safari hii virusi vilitambuliwa Kinshasa, katika INRB.